Mwonyeshe mteja mchoro wako mbovu kabla hajataja bei

Nikuulize swali. Mteja akikupigia akitaka picha ya bango, humtumia nini kwanza? Kama uko vile nilivyokuwa mimi, humtumii chochote hadi picha iive. Unakesha na simu, macho mekundu, asubuhi unarusha kitu kinachong'aa kwa WhatsApp. Naye anajibu: "Iko poa sana. Mia tano ni sawa?"

Unakasirika. Mimi pia nilikuwa nakasirika, hadi nikagundua nusu ya kosa ilikuwa yangu. Kazi yenyewe nilikuwa nimemficha.

Acha nikueleze picha moja ilivyoenda hapa kwetu Soweto West, Kibera, kisha wewe mwenyewe useme jasho lilitoka wapi.

Chama fulani cha akina mama kilitaka picha ya mama mboga kwa bango la sherehe yao ya mwisho wa mwaka. Sikushika simu. Nilichukua penseli na karatasi iliyoandikwa upande mmoja, nikaketi karibu na kibanda kwenye njia ya kwenda Olympic. Nikachora visanduku sita, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Cha kwanza, mama anatabasamu akitutazama. Hiyo umeiona mara elfu. Cha pili, nyanya nyingi kuliko mama. Cha tatu nilikifuta. Cha tano ndicho kilinishika: mikono inakata sukuma wiki, macho yako kwa mteja.

Nikamwonyesha mwenye kibanda. Akacheka hadi akaweka kisu chini. "Kijana wangu, nani hukata sukuma juu ya ubao?"

Alikuwa na haki. Nimekula sukuma maisha yangu yote na bado nilichora ubao. Mama mboga hubana majani kwa ngumi, kisu kinapita mbele ya vidole, vipande vyembamba kama nyuzi vinaangukia kwenye karatasi, na anaongea nawe bila kuangalia. Kurekebisha hilo kwa penseli kulichukua dakika mbili. Ningeligundua baada ya rangi, ningepoteza usiku mzima.

Baada ya hapo ndipo simu inaingia. Nilipiga mchoro picha mlangoni, kwa sababu ndani ya nyumba ya mabati kuna giza hata saa nane mchana. Nikaufungua kwenye Ibis Paint, nikaufifisha hadi ukabaki kama kivuli, nikaongeza leya mpya juu yake, yaani tabaka jingine kama karatasi ya kuonea, na hapo nikavuta mistari safi. Rangi zikaja kwa leya zake: ngozi peke yake, leso peke yake, mboga peke yake. Vivuli vikakaa juu ya zote. Kabla ya vivuli jiulize jua liko upande gani, la sivyo mama atakuwa na asubuhi usoni na jioni mgongoni. Kisha geuza picha kama ya kioo. Jicho lililopinda ulilokuwa umelizoea litakurukia.

Kitu kimoja tu cha kiufundi nitakachosisitiza, maana kilinigharimu: pima karatasi yako kabla ya kuanza. A4 ya kuchapishwa vizuri inataka pikseli 2480 kwa 3508. Niliwahi kuchora bango lote kwa kipimo cha Instagram, nikalipeleka kuchapishwa River Road, likatoka kama limechorwa kwa mchanga. Simu ndogo itakulilia, itakukatalia leya zaidi. Unganisha zile umemaliza nazo, songa mbele.

Sasa hesabu. Penseli, kuketi kibandani, kufuta na kuchora upya: siku mbili. Mistari na rangi: jioni moja. Mteja aliona hiyo jioni moja tu, na kwa akili yake hata hiyo ni simu ilifanya.

Waliotutangulia hawakuwa na shida hii. Otieno Gomba na Otieno Kota, walioanzisha Maasai Mbili hapa Kibera mwaka 2001, walitoka kwenye kazi ya kuandika mabango ya vibanda. Fundi wa mabango huchora kwanza kwa chaki ukutani, mwenye duka amesimama pale na chai yake, anaona mstari ukifutwa, anaona herufi ikisogezwa. Akifika kulipa anajua analipia nini. Sisi chaki yetu tumeifungia kwenye simu.

Kwa hivyo itoe. Mtumie mteja visanduku sita vya penseli, na uombe nusu ya pesa hapo hapo, kabla ya leya ya kwanza. Atakayekimbia kwa sababu ya mchoro mbovu angekukimbia hata kwa mzuri, tofauti ni kwamba sasa hujakesha.

Na muandikiane. Hili wengi wetu hatulijui: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukinyamaza, picha ya bango inaweza kuishia kwenye fulana, na wewe uko Gatwekera unaitazama ikipita.

Utaniambia siku hizi mteja anaenda kwa akili mnemba. Ni kweli. Mmoja alinitumia picha ya mama mboga iliyotoka huko, safi kabisa, akitaka nibadilishe maandishi tu. Mama alikuwa anakata sukuma juu ya ubao. Nilicheka peke yangu, kisha nikamtumia video fupi ya mikono ya yule mama wa kibandani. Alinyamaza kidogo, akauliza bei yangu ya kuchora.

Kile chama kililipa, nusu kwa penseli na nusu kwa rangi. Siku ya sherehe mweka hazina alinivuta kando akauliza kama anaweza kubaki na ile karatasi ya visanduku sita aiweke kwenye fremu. Nikamwambia, mama, hiyo nayo ina bei yake.