Mashairi yafike pia Luena

Mshairi Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, anasikilizwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mwaka 2017 riwaya yake Tram 83, aliyoiandika kwa Kifaransa, ilipata tuzo ya kimataifa ya fasihi mjini Berlin. Ni heshima kwa Kongo nzima. Lakini mtoto wa Luena, mji wa makaa ya mawe kwenye reli ya Kamina, atamsikia mshairi wapi?

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumike kufundishia. Viongozi wa Haut-Lomami wachapishe mashairi ya watoto kwa Kiswahili, na waalike washairi shuleni. Treni inayobeba mizigo inaweza kubeba pia katoni ya vitabu.