Tusizifiche Dawa Tuzitumiazo

Miongoni mwa mambo yaliyoleta faraja kubwa katika vita dhidi ya UKIMWI ni kidonge kimoja kimezwacho mara moja kwa siku, ambacho ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Wagonjwa wengi wanakifahamu kwa jina la TLD. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa dolutegraviri itangulizwe katika matibabu ya watu wote, wakiwamo kina mama wajawazito.

Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, yafaa wananchi waelewe kwamba dawa njema nayo hupungukiwa nguvu ikikutana na dawa isiyopatana nayo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, ambazo huuzwa madukani bila cheti cha daktari, huishika dolutegraviri tumboni isiingie katika damu ipasavyo. Virusi vikipata dawa pungufu mara kwa mara huweza kuwa sugu.

Kwa hiyo anayetumia zote mbili ameze TLD kwanza, asubiri saa 2, ndipo anywe dawa ya kiungulia. Ikiwa ametangulia kunywa ya kiungulia, asubiri saa 6. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo kina mama hupewa kliniki, na vya kalsiamu, vyaweza kumezwa pamoja na TLD wakati wa chakula. Pasipo chakula, nafasi ile ile ya saa ifuatwe.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu jambo ni zito zaidi. Rifampisini huifanya dolutegraviri iondoke mwilini upesi, na ndiyo maana daktari humwongezea mgonjwa kidonge kingine cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya TLD. Mwenye kisukari anayetumia metformini naye hupaswa kuangaliwa upya kipimo chake, kwa kuwa dolutegraviri huizidisha metformini katika damu.

Je, daktari atayajuaje haya asipoambiwa? Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hatuwezi kumlaumu mgonjwa peke yake. Ni nani atakayetaja ugonjwa wake dukani, mbele ya majirani waliopanga foleni nyuma yake?

Rai yetu ni kwamba muuza dawa asingoje kuambiwa. Kila anunuaye dawa ya kiungulia na aelezwe kuwa dawa hiyo haipatani na baadhi ya dawa nyingine, zikiwamo za UKIMWI, na atajiwe saa za kusubiri. Maneno hayo yakisemwa kwa kila mtu, hakuna atakayefedheheka, na anayehusika atakuwa amesikia. Nao wahudumu wa hospitali na zahanati wawaulize wagonjwa faraghani dawa zote wazitumiazo, hata zile za miti shamba.

Wagonjwa nao tunawasihi wasiache dawa wala kupunguza vidonge kwa shauri la mtaani. Kama dawa inawasumbua, warudi kwa aliyewapa, nao wamweleze yote bila kuficha. Serikali na jamaa wamegharimika mno kuwafikisha hapo walipo; isiwe haya ya dakika moja dukani ndiyo ya kuwarudisha nyuma.