Vitu vya kale Kilombero: Sheria imesimama mwaka 1940

Na Mwandishi Wetu

MJADALA wa kurejeshwa kwa malikale zilizochukuliwa enzi za ukoloni umepamba moto tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 1, 2023 na kuomba radhi kwa maovu yaliyotendwa na majeshi ya nchi yake wakati wa vita ya Maji Maji.

Katika mjadala huo yanatajwa mafuvu ya mashujaa, mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru iliyofukuliwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, pamoja na silaha na vitu vya ibada vilivyotekwa vitani. Ni mjadala wa haki, nao haustahili kupozwa.

Hata hivyo, macho ya wengi yameelekezwa kwenye vitu vikubwa vilivyoondoka kwa mtutu wa bunduki. Vipo vitu vingine, vidogo, vinavyoondoka kwa amani na mchana kweupe, kwa bei waliyoafikiana muuzaji na mnunuzi wakiwa wamesimama uani: kigoda cha babu, bao lililochongwa, kinu kilichotoboka, mkeka wa ukindu uliofifia rangi, kiti cha mninga chenye mikono mipana.

Vitu hivyo havina shujaa wala tarehe ya vita. Kwa sababu hiyo havina msemaji.

Bonde la Kilombero ni mahali panapofaa kulitazamia suala hili, kwanza kwa sababu historia ya kukusanya vitu vya wenyeji huko ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na pili kwa sababu bonde lenyewe limefunguka kwa kasi katika miaka ya karibuni.

Kwa miaka mingi aliyetaka kutoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alisubiri kivuko. Leo kuna Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018. Mfanyabiashara wa mpunga anavuka kwa dakika chache, na barabara haimuulizi apitaye kama amefuata mpunga au amefuata vigoda.

Ikumbukwe kwamba hao si wageni wa kwanza. Agosti 30, 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge. Vita hiyo, pamoja na njaa iliyofuata, iliiacha nchi hiyo ikiwa imepoteza watu, na pamoja nao mafundi na wazee waliojua kazi na maana ya vitu walivyovitumia.

Mwaka 1921 walifika mapadri Wakapuchini kutoka Uswisi. Mwaka 1935 kilichapishwa kitabu cha afisa wa serikali ya Kiingereza, A. T. Culwick, na mkewe, G. M. Culwick, kuhusu Wabena wa mabondeni. Kwa kitabu cha wakati ule kilikuwa na jambo la pekee: ndani yake imo sura ya Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, mtawala wa Wabena hao. Mwenye nyumba alipewa nafasi ya kusema juu ya nyumba yake.

Kisha ikaja Basel. Mwaka 1949 mtaalamu wa elimu ya wanyama, Profesa Rudolf Geigy, aliyeongoza Taasisi ya Tropiki ya mji huo wa Uswisi, alifika Ifakara. Miaka michache baadaye taasisi yake ilijenga hapo maabara ambayo kwa hatua mbalimbali imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.

Geigy alikuwa akichunguza, pamoja na mengine, papasi waenezao homa ya vipindi. Papasi hujificha kwenye sakafu za udongo na nyufa za nyumba. Anayewatafuta hana budi kuingia ndani, kuinua mkeka na kusogeza kigoda. Pengine ndiyo sababu wanasayansi hawa waliona yale ambayo wakaguzi wa kodi hawakuyaona.

Mwaka 1951 Geigy na Georg Höltker walichapisha utafiti kuhusu unyago wa wasichana katika wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Ifakara. Mwaka 1961 mtafiti mwingine wa taasisi hiyo, Thierry Freyvogel, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu mkusanyo wa mikeka ya Ulanga.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mikeka! Mtaalamu wa wadudu aliona kwamba mkeka anaolalia mkulima unastahili kuwekewa kumbukumbu na kuandikiwa makala katika jarida la kitaalamu. Mtu anaweza kuwalaumu wageni hao kwa mengi, lakini si kwa uvivu wa kuandika.

Dosari ni kwamba utafiti wa unyago uliandikwa kwa Kijerumani na makala ya mikeka kwa Kiingereza. Mjukuu wa aliyesuka mkeka ule, akitaka kujua bibi yake alifanya kazi gani, itambidi ajifunze lugha ya kigeni na kutafuta majarida ambayo hayapo kwenye duka lolote la vitabu Ifakara.

Aliyefuata baada ya wanasayansi hao haandiki. Mnunuzi wa vitu vya kale wa leo, awe dalali anayezunguka vijijini au tajiri wa Dar es Salaam anayepamba sebule, anataka kitu chenyewe tu. Jina la fundi, kijiji, mwaka, na sababu ya kuchongwa kwake vinabaki nyuma kijijini, katika kichwa cha mzee mmoja.

Matokeo yake yanaonekana vizuri katika kile wauzaji wa Ulaya na Marekani wanachokiita mwanasesere. Miongoni mwa Wazaramo, Wakwere, Waluguru na Wakaguru, yaani Pwani na katika mkoa huohuo wa Morogoro ilipo Kilombero, kuna kisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti. Kina kichwa, nywele zilizogawanyika juu, kiwiliwili kama gogo, na hakina mikono wala miguu.

Kwa asiyejua, hicho ni kichezeo cha mtoto. Kwa wenyewe ni kitu cha unyago: mwali hukabidhiwa, hukitunza, hufunzwa nacho juu ya uzazi na utu uzima. Umbo hilohilo huchongwa hata juu ya viti vya heshima. Kukiita mwanasesere ni sawa na kuiita bendera kipande cha kitambaa. Lakini kikishavuka bahari bila maelezo, nani atamsahihisha aliyekinunua?

Vichezeo vya kweli navyo vina bahati mbaya zaidi. Magari ya waya na makopo, ng'ombe wa udongo wa mfinyanzi, watoto wa magunzi ya mahindi, vyote hivyo hutengenezwa na watoto na hufa pamoja na utoto wao. Ulaya gari la bati la miaka 100 lina soko na vitabu vya bei. Hapa gari la waya hutupwa siku gurudumu la ndala linapokatika, na ni wachache watakaoliona hilo kuwa hasara.

Soko la vitu vya kale vya Tanzania halikuwa kubwa siku zote. Kwa muda mrefu wakusanyaji wa ng'ambo walitazama Afrika Magharibi na Kongo, wakiamini kwamba Afrika Mashariki haina uchongaji wa maana mbali na vinyago vya Wamakonde.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1994, yalipofanyika nchini Ujerumani maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yaliyoambatana na kitabu kinene cha Kijerumani na Kiswahili. Mwaka 2013 yakaja mengine New York, yaliyopewa jina la Kiswahili, Shangaa. Maonyesho ya namna hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huwaelimisha watazamaji, na huwaambia wafanyabiashara wapi pa kwenda kutafuta.

Soko likikua, na ughushi hukua. Kigoda kilichochongwa mwezi uliopita hufukizwa moshi, hupakwa mafuta, hufukiwa ardhini, kisha huibuka kikiwa na umri wa babu. Baadhi ya wanunuzi mijini hujivunia vitu ambavyo ni vichanga kuliko televisheni zao. Jambo hili linachekesha, ila lina madhara: pasipo kumbukumbu ya kitu cha kweli, cha uongo hakina cha kulinganishwa nacho.

Je, sheria inasemaje? Nchi haikulala. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavigawa vitu hivi kwa tarehe. Vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vina hadhi ya mabaki ya kale. Vitu vya matumizi ya kijamii na kiutamaduni, pamoja na milango ya nakshi, vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1940, ni vitu vinavyolindwa. Kuvifanyia biashara au kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji idhini ya serikali. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 1977 mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni.

Kwenye karatasi, basi, kigoda cha mtema wa zamani kina ulinzi. Tatizo la kwanza ni kuthibitisha umri wake. Fundi wa kijijini hakuandika tarehe chini ya kigoda. Muuzaji akisema kilichongwa mwaka 1945, nani ataonyesha kwamba ni 1935?

Tatizo la pili ni tarehe yenyewe. Ilipotungwa sheria, mwaka 1940 ulikuwa miaka 24 tu nyuma. Watunga sheria waliona kwamba hata kitu cha umri wa kijana kinastahili ulinzi. Leo mwaka huohuo uko zaidi ya miaka 80 nyuma. Mstari haukusogea, ila wakati ulisogea.

Kwa mantiki hiyo, mkeka uliosukwa Ifakara mwaka 1955, wa aina ileile ambayo Freyvogel aliiona inafaa kuhifadhiwa, hauko upande wa ulinzi. Wala kiti cha fundi seremala aliyejifunza kazi misheni miaka ya 1950. Sheria inampa Waziri mamlaka ya kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa, lakini mamlaka hayo hayawezi kutumika kwa kitu ambacho hakuna anayejua kwamba kipo.

Tofauti kati ya kitu kilichoandikwa na kisichoandikwa ilionekana wazi katika kisa cha kinyago cha Kimakonde. Kiliibwa mwaka 1984, wezi walipovunja Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilikuwa kimekwisha kununuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kikatambuliwa mwaka 1990, na baada ya mazungumzo marefu kikakabidhiwa kwa Tanzania Mei 2010.

Miaka 26 ni mingi. Lakini kilirudi, kwa sababu kilikuwa na mwenyewe anayejulikana na taasisi iliyoweza kusimama na kusema ni chetu. Kigoda kinachotoka leo katika nyumba moja ya Malinyi au Mlimba hakina taasisi nyuma yake. Kikionekana kesho katika dirisha la duka Geneva, hakuna atakayejua kwamba kiliwahi kuwa cha mtu.

Wapo watakaouliza: mwenye mali akiuza mali yake, kuna kosa gani? Swali hilo halipaswi kupuuzwa. Kigoda ni cha familia, si cha Serikali, na mama anayehitaji ada ya mwanawe hawezi kuambiwa akalie historia. Zaidi ya hayo, kinachobaki kijijini hakiko salama. Mchwa hawajui malikale, na mvua za masika katika bonde lile hazibagui nyumba yenye kitu cha kale.

Yumkini baadhi ya vitu vilivyonunuliwa vimeishi kwa sababu vilinunuliwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na wenye makumbusho Ulaya wameitumia hadi imechakaa.

Kwa hiyo kupiga marufuku kila mauzo, au kusogeza tarehe ya sheria hadi mwaka 1970 na kuishia hapo, hakutasaidia sana. Marufuku isiyo na msimamizi huongeza tu bei na kuwafanya madalali wasafiri usiku. Hatua yenye manufaa ni ya unyenyekevu zaidi, na gharama yake ni daftari na kamera ya simu.

Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga zina shule za sekondari zilizojaa vijana ambao nyumbani kwao kuna angalau kitu kimoja cha babu au bibi. Picha, vipimo, jina la kitu kwa Kindamba, Kipogoro, Kimbunga au Kibena, jina la aliyekitengeneza, kazi yake, na mwaka kwa makisio ya wazee: karatasi moja kwa kitu kimoja. Familia ibaki na kitu chake, na hata ikikiuza, habari zake zisalie katika bonde.

Kazi hiyo haiwezi kuanzia popote. Kwa vigoda vya kuchongwa imechelewa, kwa kuwa mafundi wengi wamekwisha kutangulia na waliobaki na kumbukumbu zao ni wachache. Kwa mikeka bado. Wasukaji wapo, ukindu bado unachumwa, unachanwa, unachemshwa na rangi na kusukwa ukili kabla ya kushonwa, na anayetaka kujua kwa nini mstari mwekundu umekaa pale ulipo anaweza kumuuliza aliyeuweka.