Fizi: Maneno ya nyimbo ukutani yaandikwe kwa ajili ya mama wa benchi la nyuma

Kutoka Makobola hadi Baraka, kupitia Mboko na Nundu, ni vigumu kupata kanisa lisilo na kwaya mbili ao tatu. Zamani wimbo mpya uliingia kwa njia moja: kiongozi wa kwaya alitaja mstari, watu wakaurudia, na juma lililofuata nusu ya kanisa walikuwa wameushika. Leo, pahali ambapo kanisa limepata projekta ao televisheni kubwa, kijana mmoja anaketi pembeni na kompyuta kwenye magoti, na maneno yanatokea ukutani. Kwenye karamu za ndoa vilevile: muziki unapigwa bila sauti ya mwimbaji, maneno yanapita, na wageni ndio wanaoimba. Wajapani waliita mchezo huo karaoke, na jina limebaki dunia nzima.

Jambo lenyewe ni jema. Shida ni sura ya maneno hayo. Nyuma yake kuna maporomoko ya maji yanayotiririka, ao njiwa anayeruka, ao jua linalozama ziwani. Herufi ni nyekundu juu ya bluu, zimepindwapindwa kama maua ya kitambaa cha meza. Mistari minane imebanwa kwenye slaidi moja, na kila mstari unaingia ukizunguka kama pia. Chini, pembeni, jina la kijana mwenyewe na namba yake ya simu vinasomeka kuliko wimbo. Watu wanakodoa macho mpaka ubeti wa pili, kisha wanaachana na ukuta, wananyamaza, na kwaya inabaki ikiimba peke yake.

Kijana huyo hastahili kugombezwa. Amejifunza mwenyewe, mara nyingi kwenye mashine ya kuazima, na hakuna aliyemwonyesha. Lakini inafaa aambiwe wazi kwamba ukuta ule si pahali pa kuonyesha kila kitu ambacho programu inaweza kufanya. Ni pahali pa kusoma, na kwa wakaaji wengine wa Nundu ni pahali pekee wanapokutana na maandishi juma zima.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Fizi imepita katika vita na kuhama tangu 1996. Kuna wamama waliokatisha masomo wakiwa wadogo, wakavuka ziwa na wazazi wao, wakakulia katika kambi ya Nyarugusu upande wa Kigoma, kisha wakarudi na watoto mgongoni. Kuna Warundi waliofika tangu 2015 na kupewa pahali katika kambi ya Lusenda, jirani na Nundu, ambao Kiswahili wanakisikia vizuri lakini kukisoma ni kazi. Watu hawa wanazijua herufi, ila wanazifuata polepole. Wimbo, kinyume chake, wanaujua kwa moyo. Mtu anayejua tayari neno litakalofuata, na akaliona limeandikwa mbele yake wakati uleule analitamka, anasoma bila kujisikia kwamba anasoma.

Si ndoto hiyo. Huko India, mtafiti Brij Kothari alitoa wazo kwamba nyimbo za sinema zinazopendwa na watu kwenye televisheni ziandikwe maneno chini ya picha, katika lugha ileile inayoimbwa, na kila neno libadilike rangi linapoimbwa. Mwaka 1999 jambo hilo lilianza kwenye televisheni katika jimbo la Gujarat, baadaye likaingia katika vipindi vya nchi nzima. Watu walifuata nyimbo kama kawaida yao, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba waliokuwa wakisoma kwa kusitasita walisogea mbele. Hakuna aliyewaita darasani. Kama maneno chini ya picha yaliweza kufanya hivyo kule, ukuta wa kanisa la Nundu hauwezi kuachwa kuwa mapambo.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni pumzi. Mstari ukatwe pale mwimbaji anapovuta pumzi, si pale nafasi ya slaidi inapoishia. Kompyuta ikiachiwa ikate yenyewe, itaandika "Wamama wanarudi na" juu, halafu "samaki kutoka Abeka" chini, na kanisa zima litasimama kwenye "na" kama gari lililozimika kwenye mlima. Afazali "Wamama wanarudi" ikae peke yake, kisha "na samaki kutoka Abeka" ifuate. Kiswahili kina maneno marefu. Neno moja kama "watakapotukusanya" linaweza kujaza nusu ya ukuta. Kwa hiyo mistari mitatu kwa slaidi inatosha, minne ikizidi sana. Slaidi nyingi hazina gharama yoyote. Anayebana ubeti mzima kwenye slaidi moja anaokoa kitu ambacho hakinunuliwi.

Herufi ziwe nene, nyoofu, bila mikia, na zisiandikwe zote kubwakubwa. "MWOKOZI" iliyoandikwa yote kwa herufi kubwa ni ukuta wa matofali kwa mtu anayesoma polepole. Kuna aina ya herufi inayopatikana bure, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Jina lake ni Andika, neno letu kabisa la Kiswahili. Ndani yake "a", "g" na "l" zina sura ileile ambayo mwalimu wa darasa la kwanza anachora ubaoni. Itarudi hapa chini, kwa sababu ina faida nyingine kwa watu wa Fizi.

Kuhusu rangi, mtengenezaji akumbuke kwamba projekta haiwezi kutupa weusi. Nyeusi ya projekta ni ukuta usiopigwa mwanga, basi. Usiku, herufi nyeupe juu ya nyeusi zinapendeza na kusomeka. Saa nne ya asubuhi, madirisha wazi na jua linapenya kwenye matundu ya mabati, ile nyeusi inageuka kuwa kijivu na maneno yanafifia. Mchana, herufi nyeusi juu ya nyeupe zinafaa zaidi, na kabla ya yote shuka ama ukuta uwe upande usioelekea dirisha. Mara nyingi kitenge kimoja kilichofungwa dirishani kinasaidia kuliko projekta mpya. Nyekundu juu ya bluu iachwe kabisa. Picha ya maporomoko nayo iachwe. Kama mtu anaipenda sana, aiweke kwenye slaidi ya jina la wimbo, ambako hakuna wa kusumbuliwa.

Rangi ina kazi nyingine inayosahauliwa. Nyimbo nyingi za kwetu ni za kuitana na kuitikia: mmoja anatupa sauti, wote wanajibu. Slaidi inayoandika yote kwa rangi moja inafanya watu waimbe sehemu ya kiongozi na kumfunika. Manjano kwa kiongozi, nyeupe kwa wote: baada ya nyimbo mbili hakuna anayehitaji kuelezwa. Na gitaa likishika sebene, maneno yaondoke. Kwenye PowerPoint, hata kwenye LibreOffice Impress ambayo ni ya bure, kubonyeza herufi B kunafanya ukuta uwe mweusi, na kubonyeza tena kunarudisha maneno. Hakuna sababu ya kuacha ubeti wa tatu ukiwakodolea macho watu wanaocheza.

Wengi wanapenda neno libadilike rangi taratibu, kama kwenye video za karaoke. Wazo hilo ni la zamani kuliko karaoke yenyewe. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, Max Fleischer alitengeneza filamu fupi ambamo kampira kaliruka juu ya maneno, neno kwa neno, na watu wote ukumbini wakaimba. Daisuke Inoue, aliyetengeneza mashine yake mjini Kobe mwaka 1971, hakuwa hata na skrini. Wateja walisoma maneno kwenye karatasi. Kupaka rangi kunawezekana kwa programu ya kawaida. Mstari unaandikwa kwa rangi nyeupe na kunakiliwa, nakala inapakwa manjano na kulazwa juu ya ule wa kwanza bila kupishana hata kidogo. Kisha nakala inapewa mwendo ambao PowerPoint ya Kifaransa inauita "Balayer", uanzie kushoto, na muda wake uwe sekunde zilezile ambazo mstari unachukua kuimbwa. Saa ya simu inatosha kupima.

Lakini hiyo ifanywe kwa muziki uliorekodiwa tu. Mpiga ngoma wa Nundu haongozwi na sekunde za kompyuta. Akikolea, wimbo unakimbia, na rangi itabaki nyuma kama mtoto anayelia. Kwa kwaya inayoimba hapo hapo, kidole cha mtu ndicho bora, na kidole hicho kiwahi. Macho yanatangulia mdomo. Slaidi ibadilishwe wakati neno la mwisho linaanza kutamkwa. Ikingojewa mpaka mstari uishe, kila ubeti utaanza kwa kigugumizi. Ndiyo maana kijana wa kompyuta anapaswa kuwepo kwenye mazoezi ya kwaya, si kufika siku ya ibada na kuuliza wanaimba nini.

Kwa wasio na kompyuta kuna njia ya simu ambayo watu wachache wanaitumia. Maneno ya wimbo yanaweza kuandikwa kwenye faili ndogo ya maandishi tu, aina ya srt: namba ya mstari, saa ya kuanza na kuisha, kisha maneno. Faili ikipewa jina lilelile la video na kuwekwa pamoja nayo, programu ya VLC inaonyesha maneno chini ya picha. Faili kama hiyo ni nyepesi sana, inatumwa hata pale ambapo mtandao unasuasua, na kosa likipatikana linarekebishwa bila kugusa video. Televisheni pia inakula umeme kidogo kuliko projekta ya taa, jambo ambalo kanisa linalotegemea pano za jua ao jenereta haliwezi kulipuuza.

Sasa Kibembe. Hapa ndipo uzembe unaumiza zaidi. Jina la lugha yenyewe linaandikwa Ɛbɛmbɛ, na herufi ɛ na ɔ ni sehemu ya maandishi yake. Kijana anaandika wimbo nyumbani vizuri, anaupeleka kwenye mashine ya kanisa, na kwa kuwa aina yake ya herufi haipo huko, panatokea visanduku vitupu. Akichoka anaweka "e" na "o" za kawaida, mambo yanaisha. Hayajaisha. Nyimbo nyingi za Kibembe zinaishi vinywani, na slaidi hiyo inaweza kuwa mara ya kwanza wimbo fulani kuandikwa. Mtu ataipiga picha. Itafika Nyarugusu, itafika kwa jamaa waliopelekwa Marekani, na mtoto aliyezaliwa huko, ambaye lugha ya babu yake anaipata kwenye simu tu, atajifunza lile kosa akidhani ndiyo lugha.

Dawa yake haina gharama. Andika, ile aina ya herufi iliyotajwa juu, ina ɛ na ɔ zote mbili. Iwekwe kwenye mashine zote mbili, ya nyumbani na ya kanisa, ao kazi ihifadhiwe kama PDF, ambayo haibadiliki ikihamishwa. Anayekosa herufi hizo kwenye kibodi anaweza kuzipata kwenye "Insertion", kisha "Symbole", na baada ya hapo kunakili tu. Na kabla ya wimbo wa Kibembe kupanda ukutani, mzee mmoja anayejua kuuandika asomewe. Dakika kumi.

Wazee wengine hawautaki ukuta huo kabisa. Wanasema kwaya za Fizi zilikuwa zikiimba nyimbo ishirini bila karatasi, na kijana aliyezoea kusoma hatakuwa na wimbo hata mmoja kichwani siku umeme ukikatika. Wana haki, kwa upande wa kwaya. Mwimbaji anayegeuza shingo kusoma maneno yake mwenyewe hajafanya mazoezi, na skrini isimfiche. Ila ukuta haukuwekwa kwa ajili yake. Umewekwa kwa mgeni, kwa Mrundi wa Lusenda, kwa mama aliyeacha shule. Wengine wanauliza kwa nini kununua projekta wakati paa linavuja. Swali hilo ni la haki pia, na pahali paa linavuja, paa litangulie. Kitambaa cheupe na maneno makubwa yaliyoandikwa kwa mkono vimewahi kuimbisha watu wengi.

Kwa walio nayo tayari, kuna kipimo kimoja kinachoshinda vyote. Jumamosi jioni, mazoezi yakiisha, slaidi iwashwe, na kijana aende mwenyewe kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na mama mmoja ambaye miwani yake ilivunjika mwaka juzi. Mama asome kwa sauti. Pale atakapokwama, mstari mmoja uondolewe na herufi zikuzwe, kisha asome tena.