Maili za Safari za Umma ni Mali ya Umma

Liko somo jipya linalohubiriwa siku hizi katika semina za elimu ya fedha na katika video ambazo wanafunzi wetu hutumiana kwa simu. Linasema hivi: chukua kadi ya mkopo yenye pointi za safari, lipia kila kitu kwa kadi hiyo, kusanya maili, kisha upande ndege bure. Wahubiri wake hufundisha kwa bidii namna ya kuikamua kadi hadi tone la mwisho. Swali moja hawaligusi: anayeilipia hiyo safari ya bure ni nani?

Nimelichagua swali hilo kwa sababu jibu lake linatuhusu hata sisi tunaoishi Kalenga, ambako walio wengi hawana kadi ya mkopo wala hawaitarajii. Hoja yangu ni moja. Hakuna maili ya bure. Kila maili imelipiwa na mtu, na pale inapopatikana kwa safari ya kikazi ya mtumishi au kiongozi wa umma, aliyeilipia ni mwananchi. Kwa hiyo ni mali ya mwananchi, na mtumishi anayeitumia kuipeleka familia yake mapumzikoni ametwaa kisicho chake.

Tuanze na mfumo wenyewe. Mwaka 1981 shirika la ndege la Marekani, American Airlines, lilianzisha mpango wa AAdvantage: abiria anayerudi kwenye shirika hilohilo huhesabiwa maili, na zikifika kiwango fulani hupewa tiketi au kiti cha daraja la juu. Mashirika mengine yakafuata. Leo Emirates wana Skywards na Ethiopian wana ShebaMiles. Benki nazo zikaingia. Benki hununua maili kutoka kwa shirika la ndege na kumgawia mteja wake kila anapolipa kwa kadi. Fedha za kununulia hazitoki mfukoni mwa benki. Zinatoka kwenye ada ya mwaka ya kadi, kwenye riba ya wanaochelewesha deni, na kwenye makato anayotozwa mfanyabiashara kila kadi inapopitishwa kwenye mashine yake.

Mwenye kadi anaweza kufaidika, sikatai. Lakini ni lazima alipe deni lote kabla ya tarehe ya mwisho ya kila mwezi. Asitoe fedha taslimu kwa kadi hiyo, maana riba yake kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Alinganishe ada ya mwaka na thamani ya tiketi anayoitarajia. Na asilimbikize maili kwa miaka mingi, kwa kuwa shirika la ndege linaweza kupandisha idadi ya maili zinazotakiwa kwa tiketi bila kumuuliza. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuchukulie kadi inarudisha asilimia 1 ya matumizi kwa njia ya pointi, na riba yake ni asilimia 3 kwa mwezi. Aliyetumia shilingi 1,000,000 amepata pointi za shilingi 10,000. Akichelewesha deni hilo mwezi mmoja tu, anadaiwa riba ya shilingi 30,000. Anayeangukia hapo ni mwalimu ambaye mshahara umemwishia tarehe 15, na riba yake ndiyo inayomnunulia mwenzake mwenye akiba kiti cha daraja la juu.

Na asiye na kadi kabisa? Naye analipa. Mfanyabiashara akikatwa, huyaingiza makato hayo kwenye bei, na bei ni moja kwa mwenye kadi na kwa mwenye noti. Mwaka 2010 wachumi watatu, Scott Schuh, Oz Shy na Joanna Stavins, katika utafiti uliotolewa na tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani, walikadiria kwamba kwa wastani kaya ya Marekani inayolipa taslimu hupoteza dola 149 kwa mwaka kwa njia hiyo, na kaya inayolipa kwa kadi hupokea dola 1,133. Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hilo, na mwaka 2015 ukaweka ukomo wa makato yanayokwenda kwa benki iliyotoa kadi: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na 0.2 kwa kadi za kawaida.

Kwetu tofauti ni kali zaidi. Mkulima wa nyanya wa bonde la Ruaha Mdogo hulipwa kwa simu, na humtumia mwanawe ada ya shule kwa simu. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni yaliyokuwapo. Wananchi walilalamika, na mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Itazameni mizani hiyo: mkulima alitozwa kwa kuzigusa fedha zake mwenyewe, ilhali mwenye kadi ya pointi hutuzwa kwa kuzitumia zake.

Hata hivyo, chungu kikubwa cha maili katika nchi yetu hakiko kwenye kadi za watu binafsi. Kiko kwenye tiketi za ndege zinazonunuliwa kwa fedha za umma. Novemba 20, 2015, akilihutubia Bunge mjini Dodoma, Rais John Magufuli alisema kwamba katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15 safari za nje ziliigharimu serikali na taasisi zake shilingi bilioni 356.324. Tiketi za ndege zilichukua bilioni 183.160, posho za kujikimu bilioni 104.552, na mafunzo nje ya nchi bilioni 68.612. Alisema fedha hizo zingetosha kujenga kilometa 400 za barabara ya lami.

Mjadala wa wakati ule ulihusu posho na idadi ya safari. Maili hazikuguswa. Tuchukulie, kwa hesabu ya tahadhari, kwamba maili zilizotokana na tiketi hizo zilikuwa na thamani ya shilingi 1 tu kwa kila shilingi 100. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 1.8. Zingeingia akaunti ya nani? Kwa kanuni ya kawaida ya mashirika ya ndege, maili huandikwa kwa jina la abiria, wala si kwa jina la aliyelipa. Hazina inalipa, abiria anavuna.

Wapo watakaosema hicho ni kiasi kidogo. Nawajibu kwamba hasara kubwa haiko kwenye maili zenyewe, iko kwenye uamuzi unaopinda kwa ajili yake. Afisa anayekusanya maili za shirika fulani ana sababu ya kulichagua shirika hilo hata tiketi yake ikiwa ghali zaidi, kwani tofauti ya bei haitoki mfukoni mwake. Ana sababu ya kupita njia ndefu. Na mkutano ambao ungeweza kufanyika kwa mtandao unapata mtetezi mwenye bidii, kwa sababu safari moja zaidi itampandisha daraja kabla mwaka haujaisha. Tumekwisha kuona jinsi posho inavyozaa vikao. Maili nazo huzaa safari, tena kimyakimya, kwa kuwa hazionekani kwenye hati ya malipo wala kwenye vitabu vya mkaguzi.

Wengine wamekwisha kulijadili jambo hili. Mwaka 2002, Ujerumani, ilibainika kwamba wanasiasa kadhaa walitumia kwa safari binafsi maili walizozipata kwa safari za kibunge. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu kwa sababu hiyo. Cem Özdemir, mbunge wa chama cha Kijani, naye aliachia nafasi yake, akiwa na hoja hiyo ya maili pamoja na mkopo binafsi uliozua maswali. Sisi wa Kalenga hatuna haja ya kupewa somo la utu na Ujerumani. Majeshi yake ndiyo yaliyoibomoa ngome yetu mwaka 1894 na baadaye kulichukua fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo lilirejeshwa mwaka 1954 na leo limo katika makumbusho ya hapa kijijini. Lakini ni aibu kwetu ikiwa nchi hiyo, ndani ya mipaka yake, inajua kutofautisha cha umma na cha mtu binafsi hata kwenye tiketi, nasi tunaona ni jambo la kuchekesha.

Mpinzani wangu atanitajia Marekani. Ni kweli kwamba mwishoni mwa mwaka 2001 sheria ya huko iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili za safari za kikazi. Lakini kumbukeni kwamba kabla ya hapo maili hizo zilihesabiwa kuwa za serikali. Marekani iliziachia kwa hiari, kwa kutunga sheria, baada ya mjadala wa wazi. Mwenye mali anaweza kuigawa. Kinachonikera mimi ni mali kugawika yenyewe bila mwenye mali kuulizwa.

Atasema pia kwamba aliyekesha kwenye viwanja vya ndege ni mtumishi, basi maili ni fidia ya usumbufu. Usumbufu huo unayo fidia yake, nayo inaitwa posho ya kujikimu. Dereva wa halmashauri anayelala Mafinga na Makambako akiwapeleka wakaguzi naye anakesha, na hakuna kituo cha mafuta kinachomwandikia tanki la bure kwa jina lake. Akijiandikia, tutamwita mwizi. Iweje mwenye tai aitwe mjanja?

Lipo jambo jingine la kujifunza kutoka 2015. Rais Magufuli alizibana safari za nje kwa kutaka kibali cha Ikulu, na akawazuia viongozi na maafisa, isipokuwa Rais, Makamu na Waziri Mkuu, kupanda madaraja ya juu ya ndege. Wapo waliompongeza na wapo waliosema alizidisha. Mimi nasema ukali wa mtu mmoja huondoka na mtu huyo, kanuni iliyoandikwa ndiyo hubaki. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inamtaka kila mtu kuilinda mali ya mamlaka ya nchi na kupiga vita ubadhirifu. Ibara hiyo haikusema mali lazima iwe tofali au gari.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, uandikwe waraka wa utumishi unaotamka, kwa lugha isiyohitaji mwanasheria, kwamba maili na pointi zinazotokana na safari au manunuzi yanayolipiwa na umma ni mali ya taasisi iliyolipa. Hii ihusu pia anayelipia hoteli kwa kadi yake binafsi kisha akarejeshewa fedha.

Pili, fomu ya kurejesha masurufu iongezwe mstari mmoja: maili zilizopatikana, na shirika lililozitoa. Mtumishi huwasilisha risiti zake. Mstari mmoja hautamvunja mkono. Maili hizo zitumike kupunguza gharama ya safari yake ya kikazi inayofuata.

Tatu, serikali ijadiliane na mashirika ya ndege kama mteja mkubwa. Mashirika hayo yana mipango ya pointi kwa ajili ya kampuni na taasisi, kama Business Rewards ya Emirates, maana yake ni kwamba maili kumilikiwa na taasisi kunawezekana. Bora zaidi, iombe punguzo la bei ya tiketi tangu mwanzo, kwani shilingi iliyobaki Hazina inakaguliwa kirahisi kuliko pointi.

Nne, kiongozi anayewajibika kutoa tamko la mali chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, atamke na maili zake. Kinachoweza kubadilishwa kuwa tiketi ya mamilioni ni mali.

Kanuni hii itatuhusu na sisi wahadhiri, tunaosafiri kwenda kwenye makongamano kwa fedha za vyuo na za wafadhili. Itakuwa haki. Hatuwezi kuwafundisha vijana utawala bora asubuhi na jioni tukahesabu maili zisizo zetu.

Enyi wanafunzi, mkiifuata kadi ya pointi kwa fedha zenu halali, ifuateni kwa kalamu na karatasi. Enyi watumishi wenzangu, msiusubiri waraka ndipo mjue cha kwenu na cha umma. Nanyi wanaharakati, safari hii ulizeni bungeni si idadi ya safari peke yake, bali maili zake zimekwenda wapi. Mama anayeuza nyanya kando ya barabara ya Kalenga amezilipia, kupitia kodi iliyomo ndani ya kila lita ya mafuta ya gari linalozibeba nyanya zake.