Baraka: Kabla ya kutandika nyasi za plastiki ndani ya parseli

Baraka, Fizi. – Saa kumi za jioni, jua likianza kulegea, watoto wa Baraka wanatafuta mahali pa kupigia mpira. Uwanja wa shule mara nyingi una maturubai ya familia zilizokimbia vita. Barabarani pikipiki hazimngoji mtu. Kwa hiyo wazo la kutengeneza kiwanja kidogo ndani ya parseli, nyuma ya nyumba, si wazo la kuchekwa.

Linatoka mbali kidogo. Familia nyingi za Fizi zilivuka ziwa mwaka 1996, zikaishi kambi ya Nyarugusu upande wa Kigoma, na baadaye wengine wakapelekwa Marekani, Kanada na Australia. Huko mtu anamwona jirani akitandika nyasi za bandia nyuma ya nyumba, kijani kisichokauka wala kukatwa. Akituma pesa za kujenga nyumba ya wazazi Baraka, anaanza kujiuliza: kwa nini watoto wa nyumbani wasipate na wao? Swali ni zuri, lakini jibu lake liko chini, kwenye udongo ambao zulia lile litalalia.

Zulia ni sehemu nyepesi ya kazi. Kwanza unachimba na kuondoa udongo laini, unamwaga kokoto na kuzishindilia, juu yake mchanga mzuri, tena kwa mwinamo ili maji yapate njia. Ukiruka hatua hiyo, mvua tatu tu na zulia linavimba kama godoro. Na Baraka iko kando ya Tanganyika. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni, maji yaliingia hadi ndani ya nyumba za watu wa pwani. Wao hawahitaji kufundishwa kuhusu maji yanayotoka chini ya sakafu. Na maji yasiyozama ndani ya parseli moja yatakwenda kwa jirani, halafu kesi itafika kwa mkuu wa kata.

Halafu kuna jua. Plastiki haitoi jasho kama majani. Kwenye jua kali, uso wa nyasi za bandia unaweza kupita nyuzi 60, na watoto wengi hapa wanacheza miguu mitupu. Nchi zenye mabomba ndani ya kila nyumba wanamwagia maji kwanza ili kupoza. Baraka maji yanakuja juu ya kichwa cha mama, bidoni ya lita 20, baada ya foleni ndefu bombani. Nani atamwaga bidoni kumi juu ya plastiki, wakati nyuma ya ukuta kuna familia iliyohama inayotafuta bidoni moja ya kupikia?

Kuna pia zile chembe nyeusi zinazomwagwa katikati ya nyasi, nyingi zikitengenezwa kwa matairi ya zamani yaliyosagwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kuzipiga marufuku sokoni, ukitoa muda wa miaka 8, kwa sababu zinasambaa kwenye udongo na maji. Hapa mvua itazibeba hadi mtaroni, na mitaro ya Baraka inaishia ziwani, kwenye ndagala na mikeke. (Ni kweli, mifuko na chupa za plastiki zinafika huko kila siku bila kungoja kiwanja cha mtu yeyote. Hiyo si ruhusa ya kuongeza.)

Hakuna anayesema nyasi za bandia ni mbaya kila mahali. Amaan kule Zanzibar, Nyamagana kule Mwanza na Nyamirambo kule Kigali ni viwanja vilivyowahi kuwekewa nyasi hizo, na sababu inaeleweka: timu nyingi zinapokezana, na majani ya kawaida yangekufa upesi. Hesabu pale ni ya miguu mingi. Parseli ya mita 10 kwa 20, inayochezewa na watoto sita wa nyumba moja, haina hesabu hiyo. Zulia litachakaa baada ya miaka kadhaa kwa jua tu, na kulitoa ni gharama nyingine.

Wamama watajibu, na wana haki. Binti akicheza ndani ya parseli, mama anamwona akiwa anapika. Katika eneo lenye watu wenye silaha, ambako watoto wengine wameingizwa kwenye vikundi, kumwona mtoto kwa macho ni jambo kubwa kuliko rangi ya majani. Kwa sababu hiyo kiwanja cha nyuma ya nyumba kina maana kubwa Baraka kuliko Texas. Lakini usalama huo hauletwi na plastiki. Unaletwa na parseli yenyewe na mtu mzima aliyekaa hapo. Vyote viwili tayari vipo.

Basi pesa ya zulia ifanye kazi nyingine. Vijana wa avenyu, wa hapa na waliohama, walipwe kwa siku kusawazisha udongo, kuuwekea mwinamo, kuuloanisha na kuushindilia. Mvua zikianza, wapande majani ya kutambaa yanayoota bure kando ya njia. Itabaki pesa ya mipira, nyavu na filimbi.

Shida ngumu zaidi ni ukuta. Kiwanja kikifungwa, watoto wa maturubai watachungulia kwenye matundu ya geti, na kelele zitageuka matusi kati ya wenyeji na wageni. Hilo limeshaonekana kwenye mabomba ya maji. Mwenye parseli akubaliane mapema na majirani: geti linafunguliwa saa tisa hadi saa kumi na mbili, wasichana wana siku zao, na mzee atakayeshika ufunguo ajulikane kwa jina kabla toroli la kwanza la mchanga halijamwagwa.