Mafunzo Yanayofika Baada ya Mavuno

Juni mwaka mmoja, si zamani sana, niliitwa kuwa mwezeshaji katika semina ya wakulima kwenye kata moja ya mkoa wa Dodoma. Mada niliyopewa ilikuwa hifadhi ya nafaka na kinga dhidi ya sumukuvu. Nilijiandaa vizuri. Nilibeba picha, nilibeba mfuko usiopitisha hewa wa kuonyeshea, nikaeleza kwa nini mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu na kwa nini yasiingizwe ghalani kabla hayajakauka. Wakulima walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo aliyeketi nyuma, karibu na mlango, alinyosha mkono.

"Mwalimu, tunakushukuru," alisema. "Ila haya ungekuja kutuambia kabla hatujavuna. Mahindi yangu yana wiki tatu yako ndani, na niliyaanika hapo hapo chini uani."

Ukumbi ulicheka kidogo. Nilimjibu kwamba msimu ujao atakuwa ameshajua. Lilikuwa jibu dhaifu, na nadhani sote wawili tulilijua hivyo. Jioni nilitia saini karatasi ya mahudhurio, nikapokea posho yangu, nikarudi mjini. Katika taarifa ya siku ile ilihesabika kuwa wakulima kadhaa wamepata mafunzo. Hakuna aliyesema uongo. Lakini mahindi ya yule mama yaliendelea kukaa pale pale yalipokuwa.

Nimelikumbuka tukio hilo mwezi huu wa Aprili, kwa kuwa kalenda tatu zinakutana hapa Dodoma. Bunge la Bajeti limeanza na litaendelea hadi Juni. Maandalizi ya Nane Nane nayo hayako mbali. Na nje kidogo ya mji, barabara ya Kongwa, ya Kondoa na ya Chamwino, mahindi yanaanza kukauka mashambani. Hoja yangu katika makala haya ni moja: elimu ya mkulima wetu hupangwa kwa kufuata kalenda mbili za kwanza, ilhali inayoamua kama familia itakula salama ni ile ya tatu.

Tuanze na fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Mtumishi yeyote wa halmashauri anayesoma hapa anajua maana yake. Fungu la mafunzo huidhinishwa Juni, husubiriwa robo ya kwanza na ya pili, na mara nyingi huingia wakati mwaka umeshakwenda. Ikifika Mei, swali linakuwa ni namna ya kuzitumia fedha kabla mwaka haujafungwa. Ndipo semina zinapofululizana, kumbi zinapojaa, na wawezeshaji kama mimi tunapopigiwa simu.

Sasa tazama shamba. Sehemu kubwa ya Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mbegu huchaguliwa Oktoba na Novemba. Palizi na vita dhidi ya wadudu ni Januari na Februari. Mahindi huvunwa Mei na Juni, na mtama hufuata. Kila hatua ina siku zake, na zikipita hazirudi hadi mwaka mwingine. Mkulima anayefundishwa upandaji mwezi Juni amepewa maarifa atakayoyatumia baada ya miezi sita, ikiwa bado atayakumbuka.

Mfano wa viwavijeshi vamizi unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mdudu huyu aligundulika Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshaingia Tanzania. Mayai yake huanguliwa baada ya siku chache tu. Kiwavi akiwa mchanga anaweza kudhibitiwa kwa gharama ndogo, hata kwa mkulima kukagua mashina asubuhi na kuwaua kwa mkono. Akishakua na kuzama ndani ya koo la muhindi, dawa humfikia kwa shida na hasara imeshatokea. Tunazungumza juu ya muda wa wiki mbili au tatu. Hakuna semina ya Juni inayoweza kuzifidia wiki hizo za Januari.

Sumukuvu ni jambo zito zaidi. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka iliyochafuliwa na sumu hiyo. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa pale zao linapopata ukame shambani kisha likahifadhiwa na unyevu. Haina harufu ya kumwonya mpishi, na kupika hakuiondoi. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini kwa muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini. Tangu wakati ule Serikali imechukua hatua za maana, ikiwamo mradi wa TANIPAC uliojielekeza katika kudhibiti sumukuvu na kujenga maghala. Lakini ghala haliwezi kuyasafisha mahindi yaliyokwisha kuchafuka. Kinga inaanzia siku ya kuvuna, na elimu yake ina faida Aprili na Mei kuliko mwezi mwingine wowote.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba elimu ya namna hii inahitaji mradi. Haihitaji. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye mfuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi na hayafai kuwekwa ghalani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya takriban asilimia 15. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mashine ya kupima unyevu, na wataalamu hushauri nafaka ikaushwe hadi asilimia 13 hivi. Lakini chupa na chumvi vipo katika kila nyumba. Afisa ugani anaweza kukionyesha mnadani kwa muda usiozidi nusu saa. Hakuna ukumbi, hakuna posho ya safari, na labda hiyo ndiyo sababu hakimo katika bajeti.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba hakuna kinachofanyika. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi takriban bilioni 970 mwaka 2023/24. Aprili 2022, hapa hapa Dodoma, maelfu ya pikipiki yalitolewa kwa maafisa ugani. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Agosti mwaka huo. Tuna kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kinachoshughulika na mazao yanayostahimili ukame, na TARI Makutupora kinachojulikana kwa zabibu. Mkoa huu hauna upungufu wa maarifa wala wa wataalamu. Kinachopungua ni mpangilio wa kuyafikisha maarifa hayo siku yanapohitajika.

Wala simo miongoni mwa wanaoibeza Nane Nane. Nimekwenda Nzuguni mara nyingi na kila mara nimejifunza jambo. Lakini tusema kweli kuhusu tunachokiona pale. Vipando vya maonyesho vinastawi mwezi Agosti, katikati ya kiangazi, kwa sababu vinamwagiliwa. Mkulima wa Chemba aliyefanikiwa kupata nauli husimama mbele ya mtama uliokolea kijani, husifu, kisha hurudi kwenye shamba ambalo halitapata tone la maji hadi Desemba. Ameona matokeo, hajaona kazi. Hajaona siku ambayo mvua ilikatika wiki tatu na mtaalamu akalazimika kuamua apande upya au asubiri. Uamuzi huo ndio kilimo chenyewe katika Ugogo, nao haumo katika maonyesho.

Historia ya eneo hili inapaswa kutufanya wanyenyekevu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga, sehemu ya mpango uliohusisha pia Urambo na Nachingwea na uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta, wahandisi na fedha. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa katika mipango yao, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mashine ziliharibika. Mwaka 1951 mradi ulisitishwa, baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi. Wenyeji waliolima na kufuga pale kwa vizazi walijua tabia ya mvua ile na udongo ule. Hawakuwa na nafasi katika mpango. Nasi leo, tunapopanga mafunzo ofisini na kuyapeleka kijijini yakiwa na tarehe tayari, tunarudia kosa hilo hilo kwa kiwango kidogo.

Ipo njia nyingine, na si ngeni kwetu. Shamba darasa ni utaratibu ulioenezwa na FAO kuanzia Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga, na umetumika nchini mwetu kwa miaka mingi. Kikundi cha wakulima hukutana katika shamba moja tangu kupanda hadi kuvuna, huchunguza mimea na wadudu, hujadili, huamua. Somo la wadudu hufundishwa wadudu wakiwapo. Udhaifu wa shamba darasa ni kwamba haliendani na taarifa zetu. Linahitaji fedha kidogo kidogo kwa miezi saba, wakati mfumo wetu hupenda fedha nyingi kwa siku mbili.

Liko pia suala la nani anaitwa. Orodha ya washiriki hutengenezwa na ofisi ya kijiji, na kwa kawaida huanza na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, viongozi wa vikundi na wale waliozoeleka. Wengi ni wanaume. Anayepalilia, anayeanika, anayepukuchua na anayeamua kila jioni ni debe gani litakalopelekwa mashineni ni mwanamke. Yule mama aliyekaa karibu na mlango aliniambia baadaye kwamba alikuja kwa niaba ya mumewe aliyekuwa safarini. Maana yake ni kwamba mtu aliyeihitaji zaidi semina ile aliingia kwa bahati.

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri bila kusubiri sheria mpya.

Kwanza, kila halmashauri iandae ratiba ya mafunzo kwa kufuata hatua za mazao: mbegu Oktoba, wadudu Januari, uvunaji na ukaushaji Aprili. Fedha za mafunzo ya Aprili zisiruhusiwe kutumika Juni kwa mada ile ile kana kwamba hakuna kilichoharibika. Atakayechelewa aandike katika taarifa kwamba alichelewa.

Pili, ratiba hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kutangazwa mnadani, misikitini na makanisani, ikitaja siku, mahali, mada na jina la afisa anayehusika. Leo mkulima hujua kuna mafunzo pale anapoliona gari.

Tatu, afisa ugani atoe taarifa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano huo ukutane angalau kila miezi mitatu. Kwa sasa afisa anawajibika juu, kwa mkurugenzi na kwa wafadhili, kwa kuhesabu waliohudhuria. Akiwajibika pia chini, ataulizwa swali ambalo hakuna fomu inayouliza: ulikuja siku gani?

Najua maafisa wengi watasema kwamba wanahudumia vijiji kadhaa na mafuta ya pikipiki hayatoshi. Wanasema kweli, na hilo ni la kuwabana wabunge wetu walioko mjini sasa. Pikipiki bila mafuta ni sawa na jembe bila mpini. Lakini ratiba ikiwa wazi, hata upungufu wa mafuta utaonekana mapema. Wanakijiji watajua kwamba somo la Januari halikufika kwa sababu fedha hazikutolewa, nao watakuwa na la kumuuliza diwani wao.

Kwa wanafunzi wangu mnaojiandaa kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo katika halmashauri, nina ombi dogo. Mtakapofika, ombeni kuona mpango wa mafunzo ya wakulima, kisha ulinganisheni na kalenda ya mazao ya mahali hapo. Andikeni tofauti mtakayoiona. Itakuwa ripoti yenye manufaa kuliko nyingi tunazozihifadhi maktaba.

Nami nina deni. Mwezi huu nimewasiliana na mtendaji wa kijiji kile, na nimeomba nafasi ya nusu saa siku ya mnada, kabla ya mavuno kupamba moto. Nitabeba chupa na chumvi. Sitalipwa, wala sitakuwa na karatasi ya mahudhurio. Natumaini yule mama atakuwapo, na kwamba safari hii hatakuwa na sababu ya kuniambia nimechelewa.